Shanta za Mwalimu Hutangulia

Mwalimu hakumwamini mtu yeyote Maskati. Kabati la sukari lilikuwa na kufuli, la mchele kufuli, na funguo zote zilining'inia kwenye uzi shingoni mwake, ndani ya gauni, hata akiswali. Lakini mfikishe Japani, huyo huyo Mwalimu anamkabidhi shanta zake kijana ambaye hajawahi kumwona, mwenye sare na glovu nyeupe, na kijana anainama, anaondoka nazo kuzipeleka mji mwingine, na Mwalimu wala haulizi jina lake.

Yeye aliziita shanta, kama wanavyosema Waarabu wa Maskati wenye Kiswahili chao. Mimi naita mabegi. Tuligombana hata kwa hilo.

Sisemi alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Hayo wanayo jamaa zake, na jamaa zake ni wengi, na kila mmoja ana gari. Mimi nasema niliyoyaona nilipokuwa nafanya kazi nyumbani kwake, Madinat Sultan Qaboos, miaka ambayo mwanangu Zuhura alikuwa anakua Muheza kwa mama yangu. Kila mtu alimwita Mwalimu, na mimi nikamwita hivyo. Alifundisha jiografia skuli za wasichana mpaka akastaafu. Mume alishafariki. Mtoto wa kiume anakaa Qurum, karibu kabisa, ukipika chai hapa unaweza kuipeleka kule ikiwa bado moto. Alikuwa anakuja sikukuu mbili.

Ijumaa nilikuwa natoka kwenda Darsait kwa shoga yangu, ambaye ni Mtanga mwenzangu. Kabla sijatoka nasimama mlangoni, nafungua mkoba, Mwalimu anachungulia.

"Si kama nnakudhania, mwanangu," anasema. "Ndo mazowea tu."

Mazoea ya nani? Nimesoma mpaka kidato cha nne, mazoea na dharau navijua kuvitenganisha. Nilikuwa nafungua mkoba na kuangalia dari.

Lakini huyo huyo, tukipanda treni kule Japani, kiti cha dirishani ananipa mimi. Kila safari. Ukimwambia, "Mwalimu, kaa wewe uone," anakujibu, "Miye nishaona. Tazama wewe, usije ukafa hujui dunia ikoje." Sasa mtu wa namna hiyo unamchukia vipi kwa raha?

Nieleze hizo safari. Mwalimu alikuwa haendeshi gari. Na mtoto wake alimkataza teksi, alisema ni aibu, watu watasema mama yake anapanda teksi na yeye yupo. Basi akitaka kwenda kuhani msiba, au kumwona mgonjwa, anapiga simu kuomba gari. Anajibiwa inshallah. Anavaa, anajitia udi, anakaa sebuleni na mkoba mapajani. Wakati mwingine gari linakuja. Mara nyingi linakuja ujumbe. Anaingia ndani, anavua, anatoka na gauni la nyumbani, anasema, "Leo kuna joto sana la kutoka." Maskati kila siku kuna joto.

Japani hakumwomba mtu. Hicho ndicho alichokifuata kule, wala si maua wala si mahekalu. Aliniambia siku moja, treni inaacha mji na yeye amekaa wima kama mwari: "Unaona? Nimekata tiketi, nimepanda. Hakuna aliyeniambia inshallah." Kutoka Tokyo mpaka Hiroshima alikwenda mwenyewe na fimbo yake. Kutoka kwake mpaka Qurum alishindwa.

Jikoni alibandika ramani ya Japani, kubwa, ukutani juu ya jiko. Nikikaanga samaki, ananihoji.

"Haya, Kyushu iko wapi?"

"Mwalimu, samaki wataungua."

"Wacha waungue. Skuli gani hiyo ilokupa cheti, Kyushu huijui?"

"Iliyonifundisha Ruvuma na Rufiji. Wewe unaijua Rufiji ilipo?"

"Nnaijua kabla mamako hajazaliwa. Kyushu!"

Nanyooshea mwiko. Ndiyo maana ramani ile ilikuwa na madoa ya mafuta upande wa chini.

Shanta zenyewe alianza kuzipanga miezi kabla. Alizilaza sebuleni, wazi, midomo juu, na kila siku anatia kitu na kutoa kitu. Mchele, maana wa kule alisema unanata kama gundi. Tende, halua, kahawa na iliki, ndimu kavu, sufuria ndogo, chetezo cha umeme cha kufukizia udi. Halua na tende zilikuwa za kugawa. Kila aliyemsaidia Japani, wa hoteli, wa stesheni, mama mmoja aliyemshika mkono kwenye ngazi, alipewa kikopo cha halua ya Maskati. Walipokea kwa mikono miwili kama wamepewa mtoto. Nyumbani mimi sukari naomba ufunguo.

Safari yangu ya kwanza naye tulikuwa hatujui lolote. Tulibeba mabegi matatu makubwa, mazito kama mtu amejificha ndani, tukaingia nayo kwenye treni ile ya kasi kwenda Kyoto. Kumbe begi likizidi kipimo, unatakiwa ukate tiketi ya viti vya mstari wa mwisho, nyuma yake ndiyo kuna nafasi ya begi. Sisi tulikuwa katikati. Moja tuliliweka mbele ya magoti ya Mwalimu, moja mbele ya magoti yangu, la tatu likasimama njiani. Akaja kondakta, akavua kofia, akainama, akasema maneno mengi ya upole. Mwalimu akamjibu kwa Kiarabu. Kondakta akainama tena. Mwalimu akahamia Kiswahili: "Baba, tumekosea, lakini sasa tuzitupe?" Nilicheka mpaka nikasahau hasira niliyoamka nayo. Yule kondakta akalibeba la tatu mwenyewe, akalipeleka nyuma.

Treni zile hazisubiri mtu. Zinasimama, milango inafunguka, watu wameshajipanga, wanatoka, wanaingia, imeondoka. Tulipofika Kyoto nikavuta begi la kwanza nje, nikarudi, la pili, nikakimbilia lile la nyuma. Nikalitoa nalo, nageuka nimtazame Mwalimu, simwoni. Alirudi kitini kuchukua chupa yake ya kahawa. Mlango ukafungwa. Nikamwona dirishani, amesimama na chupa kifuani, treni inamchukua. Hakupiga kelele. Aliniinulia kidole kimoja, kile cha darasani, kwamba kaa hapo hapo, usiondoke.

Nikakaa juu ya mabegi. Simu yangu haikuwa na mtandao. Pasipoti yangu alikuwa nayo yeye, kwenye mkoba wake, maana ndiko ilikokaa siku zote. Watu wanapita, viatu vyao havitoi sauti, hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyeniuliza kitu. Nikawaza, hivi sasa mimi ni nani hapa? Nikifa kwenye hii stesheni wataandika nini? Nililia kwa hasira, wala si kwa hofu.

Alirudi na treni ya upande wa pili, peke yake, anatembea na fimbo, chupa bado kaishika. Akafika, akaangalia mabegi.

"Zimetimia?"

"Zimetimia. Na mimi pia nimetimia, Mwalimu, ahsante kwa kuuliza."

Alicheka mpaka ikabidi akae juu ya shanta. Machozi yalimtoka. Akafungua ile chupa, akanimiminia kahawa mimi kwanza.

Yule dada wa mapokezi pale Kyoto alipoona tunavyohangaika na ngazi, ndiye aliyemwambia habari ya kutuma. Kumbe wenyewe Wajapani hawabebi. Mtu akihama mji, begi analiacha hotelini, linapimwa kwa futi, linabandikwa karatasi ya anwani, linachukuliwa na lori, na yeye anapanda treni na kamkoba kadogo. Atalikuta hoteli ya mbele. Mwalimu alisikiliza kama anasikiliza hotuba. Akauliza mara mbili: "Linatangulia? Lenyewe?" Akaambiwa ndiyo. Akazitoa shanta zote tatu pale pale, akagawa halua.

Kuanzia siku ile ikawa ndiyo hotuba yake. Maskati, dukani, kwenye simu na dada yake aliye Ibri: "Shanta zitangulie. Mtu afuate na mkono mtupu. Siye tumezowea kujitwika, ndo maana hatufiki." Alikuwa anaisema kama vile ameigundua yeye.

Ila hakusikia jambo moja, au alisikia hakulitia akilini. Alidhani mabegi yanakwenda siku ile ile, kama kwamba lori linakimbizana na treni. Tulipofika Hiroshima jioni, hakuna begi. Yule wa mapokezi akatuonyesha kwenye kalenda kwa kidole: kesho. Mwalimu alikuwa hana nguo ya kulalia, hana udi, hana kitu. Na Mwalimu hakuwahi kulala bila kanga. Alikaa ukingoni mwa kitanda na lile baibui lake la safari, mikono mapajani, kama anangoja gari.

Mimi kwenye mkoba nilikuwa na kanga moja.

Ile kanga ilikuwa mbeleko ya Zuhura. Nilimbebea mgongoni, nikamfunikia, na siku niliyoondoka Muheza ndiyo aliyokuwa amelalia. Niliiondoa polepole chini yake asiamke. Sikuifua. Niliiweka kwenye mfuko wa plastiki na nikafunga fundo, na nilikuwa nafungua mara chache, kidogo tu, nanusa, nafunga, kwa sababu niliona kila nikifungua inapungua. Hilo sikumwambia mtu.

Nikamtazama pale alivyokaa. Nikasema, mzee atakesha. Nikafungua fundo, nikampa.

Alijifunika baada ya isha. Akasema, "Kanga hii yanuka maziwa, mwanangu. Maziwa yalochacha."

"Ya Zuhura hiyo."

"Ahaa," akasema. Akageukia ukutani.

Asubuhi mabegi yakaja. Mimi nikatumwa duka la chini kununua maji na mayai. Nikirudi, chumba kizima kinanukia udi, na Mwalimu amesimama katikati, kanga imekunjwa mraba, ameiweka juu ya viganja viwili, ananikabidhi. Alikuwa ameifua kwa sabuni ya hoteli, akaikausha kwa ile mashine ya nywele, akaifukiza kwenye chetezo mpaka imelowa harufu. Ndivyo wanavyofanya watu wa kwao. Kwao ukiazima nguo unairudisha safi, inanukia kuliko ulivyoipokea, na kinyume cha hapo ni kukosa adabu. Alikuwa anatabasamu. Alinifanyia heshima ambayo angemfanyia mtu wa hadhi yake.

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilisema, "Nani kakuambia uifue? Nani?" Mayai yalivunjika.

"Unanipandishia sauti," akasema, taratibu, ameshangaa kweli kweli, "kwa kukufulia nguo?"

"Haikufuliwa makusudi! Ilikuwa na yeye ndani!"

Hapo akaelewa. Niliona anavyoelewa, uso wake ulivyoshuka. Akaiangalia kanga juu ya viganja vyake. Halafu, kwa sababu ni Mwalimu na hajui kuomba radhi, akasema, "Basi mwakani utakwenda ukamwone. Khalas. Mwakani."

Na alikuwa na tabia ya kumwita mwanangu mzigo. Alidhani ni utani. Nikimaliza kuongea na simu na nyumbani: "Mzigo wako haujambo?" Nilimwambia mara ngapi, Mwalimu, mwanangu si mzigo. "Aaa, mzigo mtamu," anasema. Jina lake hakulitaja hata siku moja.

Mwakani ikafika. Likizo ilikuwa haki yangu, imeandikwa kwenye mkataba nilioutia sahihi kwa mkono wangu. Nikamkumbusha. Akasema goti linamuuma, nimsubiri lipone. Goti likapona, akasema tiketi za Japani zimeshakatwa, zangu na zake, nimwachie nani? Nikamwambia nenda na mtoto wako. Akanitazama kama nimemtukana. Tukaenda Japani mara ya pili. Mabegi yakatangulia, sisi tukafuata, kila kitu sawa sawa, Mwalimu anafurahi, mimi namjibu kwa ndiyo na hapana tu. Tuliporudi nikamkumbusha tena. "Mwakani, mwanangu. Inshallah."

Inshallah ile ile aliyokuwa anapewa yeye. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilinyamaza kwa sababu angeelewa.

Basi nikawa natuma mizigo. Pale Darsait kuna duka la kago la kwenda Dar. Unapeleka sanduku la karatasi, unalifunga kwa utepe mwenyewe, wanalipima, linakwenda na meli, linafika likipenda. Nilituma magauni. Nilituma mkoba wa shule. Nilituma viatu vyeupe vyenye taa kwenye soli, na vilipofika mguu ulikuwa umeshakua. Mama akanipigia picha Zuhura amevishika mkononi. Alikuwa anacheka kwa adabu, kama unavyomchekea mgeni aliyekuletea zawadi isiyokufaa. Nikamwonyesha Mwalimu ile picha, makusudi, aone. Akavaa miwani. Akasema, "Meno ya mbele yametoka." Akanirudishia simu, akaenda chumbani kwake, na siku ile hakunihoji miji.

Mimi nilikaa jikoni nikitazama ramani, nikisema moyoni: shanta zitangulie, mtu afuate. Zangu zilikuwa zinatangulia miaka, mwenyewe nimefungiwa na sukari.

Sijui kama nimwonee huruma. Nasema tu yalivyokuwa. Tukienda sokoni Qurum, wanawake wazima, wenye vyeo vyao, madaktari, walikuwa wanaacha vitoroli vyao wanakuja kumbusu kichwa. "Mwalimu! Mwalimu wetu! Ijumaa tutakuja." Basi Alkhamisi ananifungulia kabati zote. Napika visheti, napika sambusa, kahawa inawekwa kwenye chupa, vikombe vinapangwa kwenye sinia. Ijumaa anakaa karibu na mlango. Shanta zimelala wazi sebuleni na yeye anazisogeza kwa mguu ukutani, wageni wapate njia. Tunangoja. Magharibi inaadhiniwa. "Watakuwa wamepata udhuru," anasema. "Haya kaa, tule siye. Visitupwe." Tulikula visheti mpaka tukavichoka, yeye kwenye kiti chake na mimi chini kwenye zulia, kila mtu anamfikiria wake.

Siku moja pale pale nilimwuliza: "Mwalimu, kwa nini huniachi niende? Sema ukweli tu."

Alikuwa anachagua makombo kwenye sinia. Akasema, "Ukenda hutorudi."

"Nitarudi."

"Hutorudi. Ningekuwa miye nisingerudi."

Ukweli huo. Na alipokwisha kuusema, akaninyima ruhusa tena.

Alianguka mwezi uliopita. Alijikwaa shanta yake mwenyewe pale sebuleni, akavunjika nyonga. Mtoto wake akaja, na safari hii gari halikuchelewa. Kutoka hospitali akampeleka kwake Qurum moja kwa moja. Nyumba ya Madinat Sultan Qaboos ikafungwa. Mimi nikapata ujumbe kwenye simu, mistari miwili: mama hatarudi huko, tiketi yako ya kwenda Dar hii hapa, pasipoti utapewa na dereva. Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni. Miaka yote ile niliomba, nikalia, nikanuna, na kumbe jambo lenyewe lilikuwa linamalizika kwa mistari miwili na mtu anayeandika huku yuko barabarani. Nilitaka kuivunja ile simu. Sikuwa na furaha hata kidogo, na hilo pia namdai Mwalimu, maana nilikuwa nimeiwekea furaha hiyo siku nyingi.

Nikahamia kwa shoga yangu Darsait. Begi langu kubwa nikalipeleka kago mapema, likaondoka na meli. Nikabaki na mkoba.

Shoga yangu akasema, "Usiende kumuaga huyo mama. Amekula ujana wako."

"Siendi kumuaga," nikasema. "Naenda kumwambia."

"Utamwambia nini?"

"Nitajua nikifika."

Nikapanda teksi mpaka Qurum, jana, baada ya alasiri. Nyumba kubwa, magari manne uani. Walimweka chumba cha chini karibu na jiko, kwa sababu ya ngazi. Televisheni inaongea Kiarabu peke yake. Wasichana wa kazi wawili, Wafilipino, wazuri tu, lakini wanazungumza naye kwa Kiingereza cha mkono na kichwa. Wajukuu walipita mlangoni wakasema Kiarabu, wakapita. Shingoni hana uzi. Funguo wamemvua. Niliona hilo kabla sijaona kitu kingine, na yale maneno niliyokuja nayo yakapungua.

"Nani huyo?" akasema. Kisha: "Aa. Wewe. Umekuja na gari ya nani?"

"Teksi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Hakuna aliyeniambia inshallah."

Akacheka kidogo, akashika nyonga. "Usinchekeshe, we mtoto, miye mgonjwa." Kisha akauliza: "Waondoka lini?"

"Kesho mchana."

"Shanta yako?"

"Imetangulia. Kago ya Darsait."

"Na huo mkoba una nini?"

Sikuamini masikio yangu. Mtu amelala na chuma kwenye nyonga, bado anataka kupekua mkoba wangu. Nikaufungua kwa nguvu, nikamwekea kitandani, zipu wazi. "Haya tazama! Tazama vizuri, labda nimeiba mto."

Akatia mkono polepole. Akatoa mswaki, akaurudisha. Nguo moja ya kubadilisha. Panadoli. Biskuti. Chini kabisa kanga ya Zuhura, ile, ambayo mpaka leo inanukia udi wake. Akaigusa, hakuitoa.

"Hivi ndivyo," akasema. "Cha kulalia kiwe mkononi. Siku ile miye nilikosa hilo tu."

Akageuka kwa shida, akavuta kitu chini ya mto wake. Kanga. Niliijua, ya rangi ya zambarau, aliyokuwa analalia Madinat Sultan Qaboos. Ilikuwa imefinyangwa, haikukunjwa. Mwalimu ambaye hukunja hata mifuko ya plastiki.

"Chukua. Sijaifua," akasema.

"Ya nini?"

"Nimelala nayo tokea nilipoanguka. Hawa watoto wataka kuifua kila siku, nawakatalia. Wananiona nimeingia wazimu." Aliishika bado. "Ukifika, umpe Zuhura alale nayo. Siku mbili tatu. Kisha unletee."

Nilisikia jina. Nilisikia pia kamba iliyofungwa kwenye ile zawadi, na damu ikanipanda. Hata hapa, hata hivi.

"Mwalimu, mimi sirudi. Nisikilize vizuri. Sirudi."

"Nnajua."

"Sasa nikuletee vipi?"

"Si kuna kago?" Alikuwa anaangalia ukutani, mahali ambapo kwake pangekuwa na ramani, hapa pana saa tu. "Itie ndani ya kisanduku, andika jina langu na la mwanangu, Qurum. Itafika. Wewe si lazima ufuate."

Televisheni ikaendelea kusema. Nilikuwa nimekuja kumwambia maneno, na nilikuwa nayo bado, mengine makali sana, naweza kuyasema hapa yote. Nikainama nikachukua kanga.

"Usiifue kabla ya kuituma," akasema. "Wala usiifukize."

"Mimi sina chetezo, Mwalimu."

"Ndo vizuri."

Nikafunga mkoba. Alinipa mkono niubusu, nikaubusu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa kusamehe. Nikiwa mlangoni akaniita.

"Zimetimia?"

Nikageuka. Nilidhani anatania, lakini alikuwa anauliza kweli, shingo ameinua, kama pale Kyoto.

"Zimetimia, Mwalimu," nikasema. Na kwa kuwa hakuna mtu mle ndani wa kumwuliza kwa Kiswahili, nikauliza mimi. "Na wewe?"

Aliniinulia kidole kimoja, kile cha darasani.

Sasa niko Darsait, nangoja gari la uwanja wa ndege. Kanga mbili ziko kwenye mkoba, nimezitenga kwa mfuko wa plastiki zisiambukizane harufu. Hasira yangu iko pale pale. Shoga yangu anafua nguo, ameniuliza kama nina chochote cha kutia humo kabla sijaondoka. Nimemwambia hapana.